Ninachowadai wapinzani wa Mlipuko Mkuu

Nina rafiki ambaye kila darubini ya James Webb ikitoa picha mpya hunitumia video yenye kichwa cha habari kilekile: Mlipuko Mkuu umekufa, wanasayansi wamebaki midomo wazi. (Mlipuko Mkuu ni nadharia kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na wa moto, na unapanuka tangu hapo.) Si mtu wa kudanganyika ovyo. Anasoma, anauliza, na akisikia "wataalamu wamekubaliana" damu inamchemka. Hapo tuko pamoja. Wataalamu wamewahi kukubaliana juu ya mambo mengi yaliyokuja kuporomoka, na kosmolojia, yaani sayansi ya ulimwengu mzima, ina orodha yake ndefu. Tunaachana kwenye hatua inayofuata. Yeye akiona nadharia kuu ina tundu, anahesabu kwamba nadharia yoyote mbadala imepata pointi. Mimi nikiona tundu humgeukia huyo mbadala na kumdai kitu kimoja: wewe ulisema nini kabla hakijapimwa?

Kueleza jambo ambalo tayari limeshajulikana ni kazi nyepesi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye nadharia hali kadhalika; ukimpa muda atapata njia ya kuufanya ushahidi wowote uwe wake. Namba iliyoandikwa karatasini miaka kadhaa kabla ya kipimo ni habari nyingine. Ikitoka sivyo, mwenyewe hana pa kujificha.

Tuanze na enzi ambayo kuukataa Mlipuko Mkuu kulikuwa jambo la busara kabisa, maana wengi hudhani wapinzani wa mwanzo walikuwa wakaidi tu.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Kibelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaopanuka, akaioanisha hesabu hiyo na mienendo ya galaksi iliyokwisha kupimwa. Mwaka 1929 Edwin Hubble akatoa grafu yake: galaksi kadiri ilivyo mbali, ndivyo mwanga wake ulivyosogea zaidi upande wa wekundu, kana kwamba inatukimbia kwa kasi kubwa zaidi. Kiwango alichopata kilikuwa kama kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja ni umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Ukirudisha hesabu nyuma kwa kasi hiyo, ulimwengu wote unatoka na umri wa takriban miaka bilioni 2. Miamba ya Dunia nayo ilikuwa inapimwa kwa mionzi na kutoa umri mkubwa kuliko huo. Yaani Dunia ilikuwa na umri mkubwa kuliko ulimwengu iliomo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesita.

Ndiyo maana nadharia ya Hali Thabiti ya mwaka 1948 ilipokelewa kwa heshima. Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walisema: ulimwengu unapanuka, sawa, lakini hauna mwanzo. Galaksi zinapoachana, maada mpya inajitokeza kidogokidogo kujaza nafasi, na kwa hiyo ulimwengu unabaki na sura ileile milele. Wapo waliocheka hili la maada kutoka pasipo kitu. Wenyewe walijibu kwamba kuitoa yote kwa mpigo mmoja hakuna nafuu yoyote, na jibu hilo halina kasoro. Ni Hoyle huyuhuyu aliyeibandika nadharia ya upande wa pili jina la Mlipuko Mkuu, katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949.

Sababu ya mimi kuipenda nadharia ya Hali Thabiti, pamoja na kwamba imekufa, ni kwamba ilikubali kuhukumiwa. Ilisema wazi: tazama mbali uwezavyo, ambako ni sawa na kutazama zamani, na utakuta ulimwengu wenye sura ileile ya leo. Ukikuta tofauti, sisi tumeshindwa. Sikumbuki mara ya mwisho kuona mojawapo ya zile video ikisema jambo la namna hiyo.

Kilichofuata kina somo ambalo wapenzi wa nadharia kuu hawalipendi. Martin Ryle wa Cambridge alihesabu vyanzo vya redio angani, na mwaka 1955 orodha yake ya vyanzo 1,936 ikaonyesha kwamba vile hafifu, yaani vya mbali, ni vingi mno kuliko Hali Thabiti inavyoruhusu. Alitangaza ushindi. Halafu kundi la Bernard Mills kule Sydney, Australia, likapima anga hilohilo kwa chombo bora zaidi, na orodha mbili hazikufanana kabisa. Vyanzo vingi vya Ryle vilikuwa ni vyanzo kadhaa dhaifu vilivyochanganyikana na kuonekana kimoja. Hoyle alikuwa na haki ya kutabasamu. Ila Ryle hakuacha. Akaboresha vyombo, akarudia, na kufikia mwaka 1961 ziada ile, japo ndogo kuliko alivyodai mwanzo, ilikuwa bado ipo na sasa ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo ushahidi wa kwanza dhidi ya Hali Thabiti ulikuwa mbovu, na hitimisho lake lilikuwa sahihi. Mambo haya hutokea, na yanachosha.

Tatizo la umri nalo lilikuwa limeanza kuyeyuka. Mwaka 1952, kwenye mkutano wa wanaastronomia mjini Rome, Walter Baade alieleza kwamba nyota zilizotumika kupimia umbali wa galaksi ziko za aina mbili, na Hubble alizichanganya. Umbali wa galaksi ukawa mara mbili ya ule wa zamani kwa tangazo moja, na umri wa ulimwengu ukapanda nao. Marekebisho yakaendelea kwa miongo.

Halafu ikaja Holmdel, New Jersey. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wanahangaika na antena ya maabara za Bell yenye umbo la pembe, mdomo wake ukiwa na upana wa kama mita 6. Walitaka kupima mawimbi ya redio ya galaksi yetu. Kila walikoielekeza kulikuwa na mvumo uliozidi hesabu zao kwa takriban kelvini 3.5, kwa kuwa mvumo wa redio hupimwa kama joto. Waliielekeza upande wa jiji la New York, mvumo haukuongezeka. Misimu ikapita, haukubadilika. Ndani ya pembe kulikuwa na njiwa wawili waliohamia humo, na kinyesi chao kilikuwa kimetanda kwenye kuta. Njiwa wakaondolewa, kuta zikasuguliwa, maungio ya mabati yakabandikwa utepe wa alumini. Mvumo ukabaki karibu vilevile. Wakati huohuo, kwenye chuo kikuu jirani cha Princeton, Robert Dicke na wenzake walikuwa wanaunda kifaa cha kuutafuta mvumo huo kwa makusudi, kwa sababu ulimwengu ulioanza ukiwa wa moto lazima uwe umebakiza joto.

Na hapa deni langu linalipwa. Mwaka 1948, Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wameshaandika kwamba joto lililobaki la mwanzo huo linapaswa kuwa kama kelvini 5, yaani nyuzi 5 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Makala yao ilikuwa imekaa kwenye maktaba miaka 16 bila mtu kuhangaika nayo. Penzias na Wilson hawakuwa wameisoma, na hilo linaniridhisha zaidi: hawakuwa wanatafuta walichokipata.

Hoyle na wenzake hawakunyamaza. Walisema mvumo huo ni mwanga wa nyota uliomezwa na kutapikwa upya na vumbi, na baadaye vumbi hilo likawa la nyuzinyuzi ndogo za chuma zilizotapakaa angani. Kama maelezo, si ya kipuuzi. Lakini yalikuja baada ya kipimo, na yalikuwa yameshonwa kwa ajili ya tundu hilo moja. Kuanzia hapa maelezo ya namna hiyo nitayaita viraka, kwa sababu kila nadharia ninayoijua ina viraka, ile kuu ikiwemo. Ninapenda kujua kama kiraka kilichoshonwa kufunika tundu moja kimewahi kuonekana na mtu mwingine, aliyekuwa anatazama kwingine kabisa.

Kiraka cha vumbi kilipata mtihani wake mwaka 1990. Setilaiti ya COBE ilikuwa imerushwa Novemba 1989, na Januari iliyofuata John Mather akasimama mbele ya wanaastronomia wa Marekani kuonyesha grafu iliyotokana na dakika 9 tu za vipimo. Grafu hiyo ninaitazama mara kwa mara, kwa hiyo niieleze. Kushoto hadi kulia ni masafa ya mawimbi. Mstari unapanda kwa ulaini, unafika kilele, unashuka kwa ulaini. Huo ni mstari wa hesabu tupu, unaotolewa na kitu chochote chenye joto moja lililotulia. Juu yake kuna vijisanduku vya vipimo, na mstari unapita katikati ya kila kimoja bila kukwepa hata kimoja. Ukumbi ulisimama na kupiga makofi. Vipimo vya baadaye vya chombo hichohicho viliboreka kiasi kwamba kwenye grafu alama za shaka ni ndogo kuliko unene wa mstari, na joto likatoka kelvini 2.725.

Kwa nini hili linaumiza? Kwa sababu mwanga wa nyota uliopikwa upya na vumbi unatoka sehemu nyingi, umbali tofauti, joto tofauti. Ukichanganya mistari ya joto nyingi hupati mstari safi wa joto moja. Unapata kitu kilichotanuka mabegani. Ulimwengu unaopanuka, kwa upande wake, unaushusha mstari mzima kwa pamoja na kuuacha na umbo lake. Nadharia ya "mwanga unaochoka", ambayo Fritz Zwicky aliitoa mwaka huohuo wa 1929 kwamba mwanga hupoteza nguvu njiani na hakuna kinachopanuka, inakwama hapohapo kwa njia ya pekee: inapunguza nguvu ya kila chembe ya mwanga lakini haipunguzi msongamano wa chembe zenyewe. Umbo linaweza kubaki, ila mng'ao unakuwa mkubwa mno kwa joto hilo.

Zwicky, niseme kwa haki yake, alikuwa mtu wa ajabu. Mwaka 1933 alipima mienendo ya galaksi katika kundi la Coma, akaona zinakimbia kasi mno kushikiliwa na maada inayoonekana. Mtu mmoja ametupa mwanga unaochoka, ambao wapinzani bado wanaubeba, na maada giza, yaani maada isiyoonekana, ambayo nadharia kuu haiwezi kuishi bila hiyo.

Mwanga unaochoka ndio unaorudi mara nyingi zaidi kwenye video za rafiki yangu, kwa hiyo niukalie kidogo. Una kipimo kimoja ambacho mtu yeyote anaweza kukielewa. Kuna aina ya nyota zinazolipuka, supanova za aina ya Ia, ambazo hung'aa na kufifia kwa mwendo unaofanana: siku kama 20 kufika kileleni, kisha wiki kadhaa za kufifia. Kama anga linapanuka, siku ya nyota ya mbali inatufikia ikiwa imevutika. Supanova ambayo mawimbi yake yamerefuka mara mbili inapaswa kufifia taratibu mara mbili. Kama mwanga umechoka tu njiani, rangi itabadilika lakini saa haitaguswa. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha saa imevutika. Mwaka 2024, mradi wa Dark Energy Survey ulitumia supanova 1,504 na kukuta kuvutika huko ni kulekule kunakotakiwa na upanukaji, kwa usahihi wa kama asilimia moja.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakitajwi sana. Mwaka 2008, Raghunathan Srianand na wenzake walitumia darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile kutazama wingu la gesi lililoko mbele ya kwasari moja, yaani kiini kinachong'aa mno cha galaksi ya mbali. Wingu hilo lina molekuli za kaboni monoksaidi. Molekuli hizi huzunguka, na huzunguka kwa ngazi, si kwa kasi yoyote inayojitokea tu. Ngapi ziko ngazi ya chini na ngapi ziko juu hutegemea joto linalozizunguka. Ni kipimajoto kilichoachwa huko, kwenye mwanga ulioondoka kama miaka bilioni 11 iliyopita. Nadharia inasema joto la anga wakati ule lilikuwa kelvini 2.725 mara 3.418, kwa sababu mawimbi yamerefuka mara 3.418 tangu hapo. Hiyo ni kelvini 9.3. Walichokisoma kwenye wingu ni 9.15, kwa shaka ya kama 0.7 juu au chini.

Sijawahi kukutana na mtetezi wa mwanga unaochoka aliyeizungumzia kaboni monoksaidi hii bila kuulizwa. Ulimwengu usiopanuka hauna sababu yoyote ya kuwa na joto zaidi zamani. Joto lingekuwa 2.7 huko kama lilivyo hapa.

Mwaka 2023 habari zilienea kwamba ulimwengu una miaka bilioni 26.7, karibu mara mbili ya bilioni 13.8 zinazokubalika. Aliyeandika ni Rajendra Gupta wa Chuo Kikuu cha Ottawa, katika jarida lenye heshima, na alichofanya ni kuchanganya mwanga unaochoka na upanukaji, kisha kuruhusu viwango vya asili vibadilike kadiri muda unavyopita. Halali kabisa. Lakini ukipewa vitasa vingi vya kuzungusha, utafungua milango mingi, na mimi husubiri mlango ambao hukuwa na habari nao.

Mpinzani aliyenisumbua kweli ni Halton Arp. Huyu hakuwa mtu wa nje. Alikuwa Palomar, kwenye darubini kubwa, na atlasi yake ya galaksi zenye maumbo ya ajabu ya mwaka 1966, yenye picha 338, bado inatumiwa na watu wasiokubaliana naye kwa lolote. Arp aliona kwamba kwasari mara nyingi zimekaa karibu na galaksi za jirani, wakati mwingine zikiwa kama zimeunganishwa nazo kwa uzi wa mwanga. Kwasari ina wekundu mkubwa, galaksi ina mdogo. Kama kweli zimeshikana, basi wekundu hauelezi umbali, na nguzo nzima ya kosmolojia inaanguka.

Tazama galaksi inayoitwa NGC 7603. Ina mkono unaojikunja na kufika moja kwa moja kwa mwenzake mdogo. Mkubwa anaonekana kukimbia kwa kasi ya kama kilomita 8,700 kwa sekunde, mdogo karibu 17,000. Jicho linakwambia wameshikana mikono. Mara ya kwanza kuiona picha hiyo nilikaa nayo muda mrefu, na sidhani kama mtu anayeicheka ameitazama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Arp alinyimwa muda wa darubini kwa utafiti huo, akahamia Ujerumani, kwenye taasisi ya Max Planck huko Garching, ambako aliendelea hadi kifo chake mwaka 2013. Rafiki yangu hunirushia jambo hili kama kete ya ushindi, na sehemu yake namkubalia: kamati ilifanya vibaya. Muda wa darubini ni ghali, najua, lakini mtu mwenye rekodi kama yake angeachiwa usiku michache kila mwaka bila sayansi kufilisika. Kumnyima kulimfanya shahidi wa dini kwa watu ambao hata hawajui alikuwa anadai nini.

Ila kudhulumiwa hakumfanyi mtu awe sahihi. Anga limejaa galaksi na kwasari. Ukitafuta zilizopangana kwa bahati utazipata, na uzuri wa picha hauhesabu zile ulizozipita. Orodha zilipofika mamia ya maelfu ya kwasari, mikusanyiko aliyoidai kuzunguka galaksi za jirani haikujitokeza.

Na kuna lile jambo la mwaka 1979. Wanaastronomia waligundua kwasari mbili zilizo karibu sana angani, spektra zao, yaani mgawanyo wa rangi za mwanga wao, zikifanana kama pacha: Q0957+561. Ilikuwa kwasari moja. Katikati kuna galaksi ambayo uvutano wake umeupinda mwanga na kuugawa njia mbili. Njia hizo hazina urefu sawa, kwa hiyo kwasari ikipepesa, picha moja inapepesa kwanza na nyingine inafuata baada ya siku zipatazo 417. Mwenye wekundu mkubwa yuko nyuma, mwenye mdogo yuko mbele, kama wekundu ulivyosema. Hakuna namna ya kwasari kurushwa kutoka kwenye galaksi iliyo jirani yake na bado ikawa nyuma yake kwa umbali wa kutosha kupindwa hivyo.

Sasa nigeuze kisu. Nadharia kuu inadai kwamba maada ya kawaida, ile inayotengeneza nyota na mwili wangu, ni asilimia 5 tu ya vilivyomo. Maada giza ni kama 27, nishati giza, ile inayodaiwa kuharakisha upanukaji, kama 68. Mtu akisema asilimia 95 ya nadharia yenu ni kiraka, sina haki ya kumkunjia uso. Chembe ya maada giza haijawahi kukamatwa. Kifaa cha LUX-ZEPLIN kimekaa kama kilomita moja na nusu chini ya ardhi, katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa South Dakota, kikiwa na tani za zenoni ya kimiminika, na hakijaiona. Lithiamu ya mwanzo inatoka kwenye hesabu ikiwa kama mara tatu ya ile tunayoisoma kwenye nyota kongwe, na tatizo hilo limezeeka bila kuolewa. Machi 2014 kundi la BICEP2 lilitangaza mbele ya kamera kwamba limeona alama ya mawimbi ya uvutano ya sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza ya ulimwengu. Mapema mwaka uliofuata ikathibitika kwamba walichoona kinaweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu.

Hata hivyo naviuliza viraka hivi swali lilelile. Maada giza ilishonwa kwa ajili ya kundi la Coma. Miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakaikuta kwenye mzunguko wa galaksi mojamoja. Mwanga unaopindwa na makundi ya galaksi ukaikuta. Mawimbi ya mvumo ule wa Holmdel, yalipochorwa kwa undani na setilaiti za WMAP na Planck, yakaihitaji kwa kiasi kilekile, na yanahusu wakati ambapo hapakuwa na galaksi hata moja. Kuna mfano safi zaidi, nao hauhusu giza. Kiasi cha maada ya kawaida kinaweza kuhesabiwa kwa njia mbili zisizojuana: kwa deuteri, aina nzito ya hidrojeni, iliyopikwa dakika chache baada ya mwanzo, na kwa mawimbi ya sauti ya miaka 380,000 baadaye, yaliyoacha alama kwenye mvumo wa Holmdel. Zinatoa jibu moja.

Kuna mpinzani mmoja tu aliyelipa deni, naye ni Mordehai Milgrom. Mwaka 1983 alipendekeza kwamba maada giza haipo. Ila mwendo unapobadilika kwa uchache mno, uvutano haufuati tena Newton. Wazo hilo, liitwalo MOND, lilitabiri jinsi galaksi hafifu zingezunguka, kabla hazijapimwa vizuri, na likapatia. Wenye maada giza walikuja kueleza baadaye, nao walikuwa wanashona. Linashindwa likitoka nje ya galaksi: kwenye makundi bado linahitaji maada isiyoonekana, na Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni zilipogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130, mawimbi ya uvutano na miali ya gama vilitufikia kwa tofauti ya sekunde 1.7, jambo lililozika matoleo mengi ya kuurekebisha uvutano. Mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złosnik walitoa toleo linalokubaliana na mvumo wa Holmdel, kwa gharama ya kuongeza vitu vipya ambavyo navyo havionekani. Nikimwona mtu wa MOND anatukanwa pamoja na watu wa video, nakasirika.

Na Webb yenyewe? Imeona galaksi zinazong'aa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mojawapo, MoM-z14, mwanga wake uliondoka kama miaka milioni 280 tu baada ya mwanzo. Hilo ni tatizo la kweli kwa wanaokokotoa jinsi galaksi zinavyozaliwa, na baadhi yao wamerudi mezani. Lakini galaksi hizo ni ndogo na changa, na nyingi zina uhaba wa elementi nzito. Ulimwengu usio na mwanzo ungepaswa kutuonyesha wazee huko, na wazee hawajaonekana.

Ugomvi ninaoufuatilia mimi uko kwingine. Mvumo wa anga ulivyopimwa na Planck unasema upanukaji wa leo ni 67.4 kwa kipimo kilekile cha Hubble, kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki; Adam Riess na wenzake, wanaotumia nyota na supanova, wanapata 73. Kila upande una uhakika wa takriban kitengo kimoja au chini yake. Mwaka 2024 na 2025 mradi wa DESI, unaopima mamilioni ya galaksi kutoka Arizona, ukaongeza kwamba huenda nishati giza inadhoofika na si thabiti kama tulivyoandika. Dalili tu, haijafikia kiwango cha kutangaza ugunduzi, na baada ya BICEP2 nimejifunza kutofungua soda mapema. Ikithibitika, toleo la sasa la nadharia kuu litakuwa limevunjika mahali ambapo hakuna video hata moja niliyotumiwa iliyotaja.

Kwenye 67 na 73 naelekea kuamini kwamba tofauti ni ya kweli, kwa sababu Webb ilirudia kupima zile nyota na haikukuta kosa ambalo wengi walitarajia. Lakini Wendy Freedman na kundi lake, kwa darubini hiyohiyo na nyota za aina nyingine, wanapata namba iliyo karibu na 70, na hadi sasa makundi hayo mawili hayajakubaliana ni nani kati yao anayesoma umbali vibaya.